Matatu Moja, Picha Arobaini

Katikati ya Nairobi hakuna nafasi ya kurudi nyuma. Simama mbele ya matatu ya abiria 14 iliyoegeshwa kando ya Mtaa wa Tom Mboya, rudi hatua tatu, na mgongo wako utagota ukutani au kwenye meza ya muuza soksi. Kama ni Toyota HiAce ya kawaida, gari hilo lina urefu wa karibu mita 4.7 na kimo cha karibu mita 2. Lenzi pana ya simu italimeza lote, ila italipotosha umbo, hasa kwenye ncha zake. Panorama ya simu, ile picha ndefu inayopigwa ukisogeza simu polepole, nayo italionyesha lote, lakini kila aliyetembea mbele ya kamera atatoka bila kichwa au na miguu mitatu.

Kolaji ya picha zinazolaliana hufuata njia nyingine. Hupigi picha moja inayojitahidi kuona kila kitu. Unapiga nyingi, kila moja ikiona kidogo, kisha unazipanga mezani moja juu ya ukingo wa nyingine. Viungo havifichwi. Mahali picha mbili zinapokutana bila kuafikiana sawasawa ndipo mtazamaji anapokaa, kwa hiyo anayetaka kingo zipotee kabisa afadhali aiachie programu ya kuunganisha picha, itamaliza kazi hiyo kwa dakika moja.

Aliyeipa kazi hii umaarufu ni mchoraji Mwingereza David Hockney, mzaliwa wa Bradford, 1937. Mwaka 1982 alianza kwa picha za Polaroid, zile zinazotoka kwenye kamera papo hapo, zilizopangwa kwa safu na nguzo. Picha za Polaroid zina fremu nyeupe ambayo huwezi kuikata bila kuiharibu picha yenyewe, hivyo kila kazi ya namna hiyo hubaki na miraba kama dirisha la vyuma. Baadaye akahamia filamu ya kawaida ya milimita 35, na picha zilizosafishwa dukani zikaanza kulaliana kwa pembe zozote alizotaka. Kazi yake inayojulikana zaidi ni ya barabara ya Pearblossom huko California, ya tarehe 11 hadi 18 Aprili 1986, iliyoko katika Jumba la Makumbusho la J. Paul Getty. Ina picha zaidi ya 700. La kujifunza hapo si wingi wa picha. Vibao vya barabarani hakuvivuta kwa zumu kutoka mbali, alivisogelea, akapanda ngazi, akapiga akiwa uso kwa uso navyo. Ndiyo maana kila kibao katika kazi hiyo kinakutazama moja kwa moja, ingawa barabara yenyewe inakimbilia mbali.

Turudi kwa matatu yetu, maana hesabu yake ni rahisi na inafaa kufanywa kabla ya kutoka nyumbani. Weka simu kwenye zumu ya 2x, ambayo kwa simu nyingi ni sawa na lenzi ya milimita 50 hivi kwenye kamera kubwa. Ukisimama mita 2.5 kutoka ubavuni mwa gari, picha moja iliyolala itafunika kama mita 1.7 kwa upana na mita 1.3 kwa kimo. Picha jirani zishirikiane asilimia 40. Hiyo ina maana kwamba kila unapopiga unasogea kando mita moja, na kila unapobadilisha safu unapandisha au kuteremsha kamera sentimita 75 au 80. Ukitaka gari zima, kipande cha lami mbele na nyuma, na kidogo cha anga juu, utahitaji nguzo sita na safu nne. Hizo ni picha 24 za msingi. Ongeza 16 za vitu vya karibu: taa, tairi, michoro ya ubavuni, kioo, kibao cha njia, mikono ya makanga. Jumla arobaini.

Asilimia 40 inaonekana kubwa kwa anayeanza, naye hujaribu 15 ili aokoe picha. Mezani ndipo atakapojuta. Ushirikiano mdogo haukuachii uamuzi wowote: picha inakaa mahali pamoja tu, na ikipinda kidogo pengo linatokea. Ukiwa na asilimia 40 unaweza kuizungusha, kuisukuma, hata kuificha nusu, na bado kolaji inasimama. Ukizidisha asilimia 60, kila kitu kinajirudia mno na gari linakuwa refu kama treni ya SGR.

Kabla ya picha ya kwanza, funga kila kitu ambacho simu hupenda kujiamulia. Bonyeza kioo na ushikilie mpaka alama ya kufunga fokasi na mwangaza itokee. Zima HDR, ile hali ya simu kuchanganya picha kadhaa za mwangaza tofauti. Zima pia kile kipengele kinachobadilisha lenzi chenyewe ukikaribia kitu, la sivyo picha za karibu zitatoka kwa lenzi nyingine yenye rangi nyingine. Simu ikiwa na hali ya mtaalamu, tumia hiyo: rangi iwekwe kwenye jua au kwenye mawingu na ibaki hapo mpaka mwisho. Kwa kamera, siku ya mawingu ya Nairobi, ISO 400 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), tundu la lenzi la f/8 na kasi ya shata ya 1/250 ya sekunde ni pa kuanzia pazuri. Jua likiwa wazi, shusha ISO hadi 100 na upandishe shata hadi 1/400 kwa tundu lile lile. Ukisha kuchagua, usiguse tena. Picha moja iking'aa kuliko jirani zake, jicho la mtazamaji litaanguka hapo hapo, na mara nyingi si hapo ulipotaka liangukie.

Kuhusu mwanga, Nairobi ina zawadi ambayo wapiga picha wa harusi huilalamikia: Julai. Wiki nzima ya anga la kijivu, hakuna kivuli, na mwanga wa saa nne asubuhi hauna tofauti kubwa na wa saa tisa alasiri. Kwa kolaji huo ndio msimu wenyewe. Miezi ya jua ina shida mbili. Kwanza, tuko karibu na ikweta, kwa hiyo adhuhuri jua hukaa karibu na utosi: paa la matatu linawaka na ubavu wake uko gizani. Pili, kuna yale mawingu meupe yanayopita moja moja. Wingu likifunika jua katikati ya safu ya pili, mwanga unashuka mara nne au zaidi ndani ya sekunde kumi. Hapo usifungue mwangaza upya. Subiri wingu lipite, kisha uendelee kutoka picha mbili nyuma ya ulipoishia. Usichelewe pia. Jua husogea digrii 15 kila saa, na ukitumia dakika arobaini kwa gari moja, kivuli cha kioo cha pembeni kitaonekana kimeruka kutoka picha hadi picha. Wengine wanapenda hilo. Sisi tunaona linafaa tu kama limekusudiwa.

Piga kwa mpangilio wa nyoka: safu ya juu kutoka kushoto kwenda kulia, ya pili kutoka kulia kwenda kushoto, hivyo hivyo hadi chini. Kila safu ianze na picha ya vidole vyako, kimoja kwa safu ya kwanza, viwili kwa ya pili. Kunaonekana kama utoto, lakini ukifika nyumbani na picha 24 za chuma cha manjano zinazofanana, utashukuru. Kila picha iwe na angalau alama moja inayoonekana pia kwa jirani yake: kitasa cha mlango, herufi, boliti, mwanzo wa ufa. Picha ya bati tupu lisilo na alama haiwezi kupangwa.

Jambo linalowachanganya wengi ni ukuta wa nyuma. Ubavu wa gari ni bapa, na ukisogea mita moja kando, picha zake zinaungana vizuri. Lakini duka lililoko mita kumi kutoka ulipo halisogei kwa kiasi hicho hicho. Katika umbali huo picha moja inafunika karibu mita saba, kwa hiyo hatua yako ya mita moja haijabadilisha kitu, na kibao cha duka la dawa kitaonekana katika picha nne mfululizo. Huo si ubovu wa kamera. Kila kilicho mbele au nyuma ya bapa uliyoichagua kitarudiwa au kitakatika, na huwezi kuwa na yote mawili sawa. Amua mapema unachokilinda. Kama ni gari, acha mtaa ugugumie nyuma yake. Ukikitaka kibao kimoja tu, funika vingine kwa picha za gari mezani.

Ukiwa na uwezo wa kusimama mahali pamoja na kuizungusha kamera tu, bila kutembea, marudio hayo karibu yote yanakwisha, ila unapata tatizo jingine. Jaribu na mnara wa KICC, jumba la mikutano la Nairobi lenye ghorofa 28, ukiwa chini uani. Kila unapoinua kamera, ghorofa zinazidi kuwa ndogo na mistari ya wima inaelekeana juu. Ukizipanga picha hizo mezani, utakuta kwamba kingo za kushoto zikikutana, za kulia zinaachana. Sababu ni kwamba umepiga sehemu ya tufe kwa macho yako, na sasa unataka kuilaza juu ya ubao. Ganda la chungwa nalo ukilibandika mezani litapasuka tu. Basi chagua mpasuko uende wapi. Kwa mnara, tunashauri katikati ya kila picha ifuate mstari mmoja wa wima na mapengo yabaki pembeni, upande wa anga, ambako picha za mawingu zinaziba bila mtu kugundua. Na kama unaleta kamera kubwa yenye mguu, uliza langoni kwanza. Simu mkononi haimshtui mlinzi. Mguu wa kamera humtoa kibandani.

Ruhusa ni sehemu ya kazi hata barabarani. Ongea na dereva na makanga kabla ya kuanza, maana mtu anayezunguka gari akipiga kila boliti anafanana na afisa anayetafuta makosa. Waambie itachukua dakika tano na uwaonyeshe mfano kwenye simu. Nenda kati ya saa nne na saa sita mchana, abiria wakiwa wachache na gari likisubiri zamu kwa muda. Saa ya watu kurudi nyumbani linajaa na kuondoka ukiwa safu ya pili. Pia kumbuka kwamba uso unaotambulika ni data binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Asiyetaka kuonekana, mpige viatu. Na kamba ya simu izungushwe kwenye kifundo cha mkono, unajua kwa nini.

Watu ndio wanaoifanya kolaji iwe hai, na wao ndio wanaoharibika upesi. Usimpige makanga mara moja. Piga uso, kisha mkono ulioshika mlango, kisha ule wenye noti zilizokunjwa katikati ya vidole, kisha viatu, na urudi kwenye uso baada ya nusu dakika, akiwa anamwita abiria. Nyuso mbili za mtu mmoja zikiwekwa karibu zinaonyesha kwamba muda umepita. Kiungo kisikate jicho wala kinywa. Kikate paji, sikio, au chini ya kidevu. Mpita njia anayetoka kushoto kwenda kulia anaweza kuonekana mara tatu ukimfuata, na hilo linapendeza. Mara saba ni kelele.

Vitu vya karibu vinakuzwa na miguu yako, si zumu. Tairi lenye kipenyo cha sentimita 60, lililopigwa kutoka mita 2.5, litakuwa na sentimita 4.7 kwenye picha ya kawaida ya dukani. Ukisogea hadi nusu ya umbali, linakuwa mara mbili. Ukilibandika hilo kubwa mahali pa lile dogo, gari zima linaonekana kuegemea upande wako. Usizidi mara mbili na nusu hivi, kwa sababu baada ya hapo jicho linakiona kipande hicho kama picha ya gari lingine.

Sasa kuchapisha, ambako kazi nyingi nzuri huharibika. Ukubwa unaofaa kuanzia ni 4R, yaani inchi 4 kwa 6. Tatizo ni kwamba simu hupiga kwa uwiano wa 4:3 na karatasi hiyo ni 3:2. Mashine ikiachiwa, itakata karibu asilimia 11 ya kimo cha kila picha ili ijaze karatasi, na ushirikiano uliouhesabu kati ya safu na safu umepungua kabla hujaugusa. Mwambie wa dukani asijaze karatasi, picha iingie nzima na mistari myeupe ibaki pembeni. Kisha uikate kwa gilotini ya karatasi, si kwa mkasi. Utabaki na vipande vya takriban sentimita 13.5 kwa 10. Picha 24 za matatu yetu, zikilaliana asilimia 40, zinafunika kama sentimita 54 kwa 28, na pamoja na zile 16 za nyongeza zinaenea kwenye ubao wa A2, yaani sentimita 42 kwa 59 hivi.

Jambo la pili dukani ni muhimu kuliko la kwanza: mwombe azime marekebisho ya rangi ya mashine. Mashine hizo huipima kila picha peke yake. Yenye bati jekundu tupu itapunguziwa wekundu, yenye anga itatiwa giza, na ile nidhamu yako yote ya kufunga mwangaza inapotea kwa sekunde mbili. Kama haelewi, chapisha picha tano jirani kwanza, zipange kwenye kaunta yake, na tofauti itajieleza. Chagua karatasi ya mati. Ya kung'aa inarudisha taa, na kwa kuwa kila kipande kimelala kwa pembe yake, taa moja ya dari inaweza kukupa madoa ishirini. Picha za printa ya wino kwenye karatasi nyepesi ni za majaribio tu. Gundi ikizigusa zinakunjamana.

Sakafu ndiyo meza bora. Panga zote zikiwa kavu, bila gundi, kwa siku moja au mbili kama kuna pa kuzikinga na watoto na upepo. Panda juu ya kiti uzipige picha kila baada ya mabadiliko makubwa. Kwenye skrini ndogo ya simu utaona haraka ni wapi pameelemea. Anza na picha za gari, kisha nyuso, kisha ujaze mtaa, anga na lami mwishoni. Inayolala juu iwe ile yenye kitu unachotaka kisomeke kikamilifu. Ya chini inatoa rangi tu. Ukihitaji kuandika namba nyuma, andika kwenye kipande cha masking tepu, kwa sababu kalamu ya wino inachora hadi mbele na penseli haishiki kwenye karatasi ya picha.

Ubao: MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) au plaiwudi ya milimita 6. Ya milimita 3 inapinda gundi ikikauka. Manila inatosha kwa darasa, haitoshi kwa ukuta. Upake rangi ya kijivu cha kati kabla ya kubandika, maana ubao mweupe unaobaki kwenye pengo unasomeka kama anga lililopasuka, na mweusi unasomeka kama tundu. Kijivu kinanyamaza. Gundi nyeupe ya mbao ina maji mengi na itaikunja picha. Gundi ya viatu inashika vizuri lakini inageuka njano na baada ya muda inaweza kupenya. Selotepu ya pande mbili ni salama na haichafui: vipande viwili vifupi juu, kimoja chini, na usiibandike hadi ukingoni, ili uweze kuingiza jirani chini yake baadaye. Karatasi ya picha ina unene wa karibu robo ya milimita. Zikipandana tano mahali pamoja unapata kilima cha zaidi ya milimita moja. Kilima kimoja kwenye uso wa makanga ni kizuri, vilima kumi vinafanya ubao uonekane umelowa.

Kwa kompyuta mambo ni yale yale bila gundi. GIMP ni programu ya bure ya kuhariri picha na ina amri ya kufungua faili nyingi kama tabaka. Punguza kila picha hadi pikseli 1,000 au 1,500 kwa upana kwanza. Arobaini za megapikseli 12 zikiingia zilivyo zinakula karibu gigabaiti 2 za kumbukumbu, na laptopu ya kawaida itasimama. Punguza ukolevu wa tabaka hadi nusu unapolinganisha alama, kisha urudishe. Zungusha digrii mbili tatu, si kumi na tano kila picha. Fujo iliyopangwa inajulikana upesi. Kivuli chini ya kila picha kiwe cha pikseli tatu hadi tano, au kisiwepo. Ukichapisha kwenye A1 kwa dpi 150, yaani nukta 150 kwa kila inchi, unahitaji pikseli 3,508 kwa 4,967. Mitaa ya River Road ina mashine kubwa nyingi, ila uliza karatasi ya picha ya mati. Turubai ya bango ina uzi unaomeza kingo nyembamba, na kingo ndizo ulizozifanyia kazi.

Ukiweka kioo, kisiguse picha. Vipande vyembamba vya mbao pembezoni vinatosha kukiinua milimita 5. Ukitaka kuipiga kazi iliyokamilika ili uiweke mtandaoni, itoe nje kivulini, kamera ikiwa sambamba na ubao. Ongeza picha moja ya pembeni, ya karibu, inayoonyesha unene wa kingo, kwa sababu bila hiyo wengi watadhani umeiunganisha kwa programu.